Ukurasa Uliogeuka Matanga

Bwana wangu alifariki asubuhi, na kabla ya adhuhuri mpwa wake alikwisha kutangaza msiba kwenye ukurasa wetu wa kofia. Simlaumu. Maziko yalikuwa al-asiri siku hiyo hiyo, jamaa wengine wako Kiunga, wengine Mombasa, na ukurasa ule ulikuwa na watu wengi kuliko simu ya mtu yeyote katika ukoo. Akachagua picha nzuri ya marehemu, akaandika saa na msikiti, na watu wakaja mpaka safu zikafika nje. Siku ile nilimshukuru.

Tulikuwa tukiuza kofia za kushona kwa mkono, zile nyeupe ambazo kila kitundu hutobolewa peke yake na kuzungushiwa uzi. Moja huchukua mwezi na zaidi. Marehemu alichora nakshi kwa penseli kwenye kitambaa, mimi na wifi yangu, dadake, tukashona. Duka hatukuwa nalo. Mlango wetu ulikuwa ukurasa ule kwenye simu: naweka picha, narekodi sauti kueleza nakshi, mtu anauliza, namjibu. Kila siku lazima uweke kitu, ukinyamaza wiki moja wanakusahau. Hata bwana alipokuwa hai kazi hiyo ilinichosha kuliko sindano.

Kisha nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi sikutoka, sikujipamba, na sauti yangu haikuwa ya kurushwa mitandaoni ikasikilizwe na wanaume nisiowajua. Sikuona uzito. Hata kama ningeruhusiwa kutoka, kwa uchovu niliokuwa nao ningekwenda wapi? Simu nikampa wifi, ambaye anashona vizuri kunishinda lakini simu anaishika kama aliyekabidhiwa kaa aliye hai.

Wiki ya tatu akaweka picha ya kofia mpya. Chini yake watu wakaandika Innalillahi. Akaweka nyingine, wakamwombea marehemu pepo. Ya tatu, mtu mmoja akauliza kama siku hizi wajane wanafanya biashara ndani ya eda. Wifi akaifuta picha, akanirudishia simu, akasema yeye basi. Nilikasirika. Mtu hajui sisi tunakula nini, lakini hukumu anayo tayari.

Nikataka lile tangazo la msiba liondolewe. Lilikuwa limekaa juu kabisa, na kila aliyeandika neno chini yake alilifufua upya. Mama mkwe wangu aliposikia akanijia chumbani, akaketi kitandani, akanishika goti.

"Dua za watu hazifutwi, mwanangu," akasema. "Hiyo si ndia."

Njia, kwake, ilikuwa kuliacha tangazo pale pale. Ni mwanawe aliyekuwa kwenye picha ile. Kila jioni alimtaka mmoja wetu amsomee waliomwombea, na wakiwa wapya alilala vizuri.

Eda ilipokwisha nikaanza kuweka picha mwenyewe. Nikaeleza kwamba tupo na tunashona. Wachache walioona wakanipa pole upya, kana kwamba tumezika jana. Mfungo sita ukakaribia, mwezi wa Maulidi, ambao miaka mingine ungetukuta hatulali kwa kazi, na safari hii hakuna aliyeagiza hata moja. Nikampigia mwenye duka mmoja wa Mombasa, mteja wetu wa miaka. Akanipa rambirambi ndefu, akaniuliza hali, akazunguka na maneno mpaka nikamuuliza waziwazi kwa nini ametuacha.

"Bi, nilikuwa nikifungua ukurasa wenu naiona picha ya marehemu, nafunga," akasema. "Niliona haya kukuuliza kofia."

Alikwisha kujaza duka lake kofia za mashine. Nilikata simu. Adabu yake ndiyo iliyotumaliza. Angekuwa mtovu wa adabu angepiga simu tangu mwezi wa kwanza, nami ningemwuzia.

Wiki hiyo wifi akaniambia kuna hoteli ndogo kule Kiwayu inayotafuta mpishi wa kukaa huko huko. Ana watoto wawili shuleni na hana mume. Atasubiri mpaka mwisho wa mwezi ujao, akasema, kisha ataondoka. Hakusema kwa ubaya. Lakini yeye peke yake ndiye aliyejifunza kuchora kwa kakake. Mimi nikishika penseli nakshi inakwenda mrama. Wifi akiondoka, kofia zetu zimekwisha, na sote wawili tulilijua hilo.

Nyumba ya pili amepanga mwalimu wa sekondari, mwanamke kijana kutoka bara, anayefundisha kompyuta. Alikuja kunijulia hali akanikuta nagombana na simu. Nikamweleza yote. Akasikiliza, akasogeza vidole juu ya ukurasa, chini kabisa na juu tena.

"Mama, hapa watu wanakuja kukuona wewe," akasema. "Tafuta mahali watakapokuta kofia."

Alikuwa anazungumzia tovuti. Nikamwambia ukurasa mmoja umenishinda, sina nguvu za kulisha wa pili. Akacheka, akasema tovuti hailishwi kila siku. Unaipanga mara moja, na ukinyamaza miezi minne haikuulizi ulikuwa wapi. Ukurasa tuuache ulivyo, tuandike tu pale kwamba kofia sasa ziko kule.

Jumamosi tatu tulikaa na kompyuta yake, na maswali yake yalinichosha. Kichwa kinapimwa vipi? Kofia inachukua siku ngapi? Mtu wa mbali anaipataje? Yote hayo nilikuwa nimeyajibu mara elfu, kwa sauti, kwa watu mmoja mmoja, na majibu yakapotea huko huko. Alipouliza kama tuweke picha ya marehemu, nilimkatalia. Mama mkwe nikamweleza kwamba mwanawe abaki kwenye ukurasa wake na dua zake, hatumgusi. Akaridhika.

Kisha ikawa kimya. Wiki ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, na wifi akaanza kufua nguo za safari. Nilijiona mjinga wa mwisho.

Siku nne kabla ya mwisho wa mwezi ujumbe ukaingia kupitia tovuti. Mwanamume nisiyemjua, mji nisiowahi kufika. "Assalaam alaykum. Nimeipenda kofia ya nne. Kichwa sentimita hamsini na nane. Nataka mbili, yangu na ya mwanangu anayeoa. Fundi yuko?"

Nikaitafuta pole ndani ya maneno yale, sikuiona. Mtu huyu hakujua kama nina mume wala kama sina. Alikuwa na kichwa, akataka kofia. Nililia kwa sauti, na wifi akaniuliza nani tena amefariki.

Nikaandika, "Fundi yuko." Kabla sijatuma nikampa simu asome. Akasoma swali, akasoma jibu langu, akayarudia yote mawili. Kisha akabonyeza kutuma mwenyewe, kwa kidole kimoja.