Mkaguzi wa nama aliyewanyima watani wake muhuri

Saa moja na nusu asubuhi, maji yamekupwa katika kijiji cha Navatuyaba, Fiji, na Vilimaina Raluve amepiga magoti mwambani. Mkononi ana fremu ya waya ya mraba. Anailaza juu ya nama, mwani wenye vishada kama zabibu mbichi, kisha anahesabu mashina yaliyomo ndani yake.

“Mtani, usiikodolee macho hivyo, itanyauka!” anapiga kelele Akeneta Vakaloloma, kiongozi wa wavunaji.

“Nyamaza wewe, umenipotezea hesabu. Bibi mzima domo kama kasuku!”

Wanawake wanaangua kicheko. Kijiji cha Vilimaina na hiki ni watani tangu enzi za mababu, na hapa mtani hasemi kwa adabu.

Vilimaina, mwenye umri wa miaka 46, ni mkaguzi wa vipodozi. Kampuni ikitaka muhuri wa kuthibitisha kwamba krimu yake haidhulumu watu wala bahari, yeye ndiye anayetumwa kuangalia. Hulipwa dola 240 kwa wiki, na kwa pesa hizo anamlea mama yake pamoja na mabinti wawili.

Kabla ya hapo alipanga chupa za vipodozi dukani Lautoka kwa miaka tisa. “Wateja waliniuliza kama maneno ya kwenye chupa ni ya kweli,” anasema. “Nilikuwa natabasamu tu. Sikuwa najua.”

Miaka miwili iliyopita alifika Navatuyaba kwa mara ya kwanza kuikagua Senivau, kampuni ya krimu ya uso ya Suva. Tangazo lake lilisema nama huvunwa “kwa upole wa mikono ya kina mama.” Mwambani alikuta mabaka meupe, matupu. Kampuni ilinunua kwa uzito, hivyo kina mama waling’oa mpaka mizizi.

Jioni hiyo Akeneta alimwandalia dalo, yaani majimbi, na samaki wa tui la nazi, akamsihi.

“Andika vizuri, mtani. Watoto wanasoma kwa pesa ya nama hii.”

“Nikiandika vizuri, mwakani mtavuna nini? Mawe?”

Aliandika alichokiona. Senivau ikanyimwa muhuri, ikaacha kununua kwa miezi saba.

“Nilirudi mara mbili kupima. Akeneta akaniita ‘mheshimiwa,’” anakumbuka Vilimaina. “Mtani wako akikuita mheshimiwa, ujue umekwisha. Nililia ndani ya boti.”

Lakini hakuibadilisha ripoti. Alimpigia simu mwenye kampuni, Bi Ledua, mpaka akakubali kuja kuketi mkekani na wavunaji. Walibishana kutwa nzima. Wakaafikiana: mwamba ugawanywe sehemu tatu, mbili zipumzike, nama ikatwe kwa juu tu, na beseni la nama, ambalo kwa uzito lilileta dola nane, linunuliwe kwa kumi na tano.

Leo Vilimaina anahesabu mara ya mwisho, anainuka na kujinyoosha mgongo.

“Haya, sema,” anadai Akeneta. “Umekunja uso kama mchungaji aliyekosa sadaka.”

“Imerudi,” anasema Vilimaina. “Yote imerudi. Mmefaulu.”

Akeneta anamrushia maji usoni, kisha anamkumbatia, wote wawili wakiwa wameloa chapachapa.

Senivau itapewa muhuri mwezi ujao, ila Vilimaina anataka zaidi. Ameiomba ofisi yake iwafunze wavunaji sita kuwa wakaguzi, nao waanzie kiwandani kwa Senivau, Suva: waone maji machafu yanamwagwa wapi, wawaulize wasichana wa kufungasha wanalipwa nini, na wanapumzika saa ngapi.

“Miaka yote sisi wa vijijini ndio tunaokaguliwa,” anasema. “Ningependa kuona wenye kampuni nao wakikaguliwa.”

Akeneta ameshajiandikisha, jina la kwanza kabisa.

“Nitavaa gauni la kanisani,” anasema, akikamua maji kwenye sulu yake, kitambaa alichojifunga kiunoni. “Nitaanzia chooni kwao.”