Kode ambayo papa alituachia

Papa alibadilisha kode ya wifi siku ile kabla ya kupanda ndege kwenda kazini Shabunda. Washonaji wa chini ya nyumba yetu walikuwa wanaivuta kupitia dirisha, na sisi kila tukifungua kitu kinazunguka tu. Papa akasema ataweka kode ambayo hata shetani hawezi kuikisia, na haitaandikwa popote. Akaiingiza mwenyewe kwenye simu ya maman, huku anacheka peke yake kama mwizi. Alisema anaenda kwa miezi miwili.

Ndege zikasimama. Barabara ndiyo usiniulize. Papa akabaki kule.

Bahati yetu ilikuwa antena ya intaneti ya parokia ya Shabunda. Jumapili baada ya misa watu walipanga mstari, na kila mmoja alipewa nafasi yake ndogo ya video. Koko, mama yake papa, alikuwa anaisubiri wiki nzima, maana macho yake yalikuwa yanazimika na daktari alishasema hakuna cha kufanya. Alitaka kumuona mwanawe wakati bado anaona. Simu aliishika karibu na uso mpaka papa kule alikuwa anaona pua tupu, na chini ya pua ule mlango mkubwa ambao zamani ulikuwa na meno ya mbele.

"Papa," nikamwambia, "usiingie humo, kuko giza."

Maman akanifinya.

Kisha simu ya maman ikanyakuliwa sokoni Kadutu. Tukapata nyingine, kuukuu, kioo kimepasuka. Jumapili ikafika na umeme ukakubali kuwepo. Koko akafunga kilemba kipya. Wifi ikauliza mot de passe, yaani ile kode, na hakuna aliyeijua.

Papa akapiga simu ya kawaida, sauti inakatika kama mutu anayekunywa maji.

"Papa, kode ni nini?"

"Bugari na sombe! Yote pamoja, bila nafasi!" Ugali na kisamvu, chakula chetu cha kila siku.

"Bugari na R ao na L?"

"Andika vile koko ana..."

Ikakatika. Haikurudi.

Dada yangu mkubwa, mwenye diplome na majivuno yake, akachukua simu. Bugari ikakataa. Bugali ikakataa.

"Vile koko ana nini?" maman akauliza. "Anapika? Ongeza mawese."

Dada akaongeza mawese. Ikakataa.

"Ni vile koko anakula," nikasema. "Andika polepole, halafu lalamika kwamba chumvi haitoshi."

"We mutoto, funga kinywa."

"Amefika?" koko akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Bado, koko. Anavaa viatu."

Nikashauri tubonyeze kile kitufe cha nyuma ya kisanduku cha wifi kinachofuta kila kitu. Dada akasema kitafuta mpaka abonnement yenyewe tunayolipia, na fundi aliyeiweka alishahama mji. Tukaendelea kubahatisha. Nafasi ya papa ilikuwa inaisha, na maman alianza kukunja pembe ya kitenge chake.

Nikafanya ninachofanya kila mara kitenge kikikunjwa hivyo. Nikaingiza midomo ndani nikaongea kama koko: "Maman, leo iko bugayi na shombe?"

Koko mwenyewe akacheka. Maman akainua kandambili. Dada hakucheka.

"Sema tena."

"Bugayi na shombe."

Akaandika. Ikafunguka.

Simu zote ambazo papa alijaribu kupiga zikaingia kwa pamoja: appel vidéo manqué, appel vidéo manqué, zimepangana mpaka chini. Tukampigia. Ikaita, ikaita. Kule mstarini zamu ilishakuwa ya mutu mwingine.

"Niletee," koko akasema.

Kwenye kioo kulikuwa na ile picha ndogo tu ya papa inayotokea ukimpigia, ya safari ya kisiwa cha Idjwi, miwani myeusi na kofia. Koko akaisogeza mpaka puani.

"Amenenepa."

"Ndiyo, koko."

"Mbona haongei?"

Mimi huwa na jibu. "Anakusikiliza, koko."

Basi akamweleza kuhusu kuku, kuhusu mguu wake, mpaka umeme ukaondoka.

Antena ya parokia iliharibika wiki hiyo, na hakuna wa kuitengeneza. Koko sasa haoni hata mkono wake. Kode bado ni ileile. Washonaji wameshindwa kabisa: usalama ndio tunao kweli. Hakuna anayeingia.