Taa Mbili za Pedali ya Baba

Bati la kuchomelea nyaya likiyeyuka lina harufu yake, na mimi nikiipata popote, hata mbele ya kibanda cha fundi wa simu kule Ndosho, mate hunijaa mdomoni. Msinicheke. Kwetu Mabanga, mtaa wa Goma, harufu ile ilikuja pamoja na ya maharagwe, maana mama alipasha chuma cha kuchomelea kwenye mbabula ileile ya makaa aliyopikia. Umeme ulikuwa haujarudi tangu volkano ipite katikati ya mji, na sufuria ilibidi isogezwe kando kila chuma kilipopoa. Tulikula tukichelewa, na hakuna aliyelalamika.

Mama hakuwa fundi wa umeme, alikuwa mshonaji wa nguo. Aliyeihitaji kazi ile alikuwa baba, mpiga gitaa wa kwaya ya parokia yetu. Gitaa lake lilipitia kwenye pedali ya zamani ya betri, kisanduku cha chuma cha kukanyaga kwa mguu, rangi imebanduka pembe zote, alichoachiwa na mwanamuziki mmoja wa Butembo. Kilikuwa na vibonyezo viwili: kimoja kilinenepesha sauti, cha pili kiliipa mwangwi. Kila kibonyezo kilikuwa na kitaa chake chekundu, kidogo kuliko punje ya mahindi. Kitaa kikiwaka, unajua umekanyaga. Kikizimika, gitaa linaimba kwa sauti yake tupu. Wapigaji wengine hawavihitaji sana, masikio yao huwaambia. Baba alivihitaji, na sababu yake ilikuwa siri ya nyumba yetu.

Siku moto uliposhuka mlimani, tukiwa tunakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na umati, baba alirudi nyuma kumbeba bibi wa jirani aliyekuwa hatembei. Mapipa ya mafuta yakalipuka karibu yao. Bibi alipona, baba pia, ila masikio yake hayakurudi yote. Ngoma aliisikia, na sauti nzito, lakini nyuzi nyembamba zilimpotea. Pedali nayo ilisafiri kichwani mwa mama, ndani ya beseni, imelaliwa na sufuria, na iliporudi Goma taa zote mbili zilikuwa zimepasuka.

Kwenye mazoezi ya kwanza, kwa umeme wa jenereta ya parokia, baba aliacha mwangwi ukiwaka wimbo mzima bila kujua. Gitaa likavuma kama ndani ya pipa. Watoto wa kwaya walichekea mikononi, na baba akasema mashine imezeeka. Njiani mama aliweka mdomo kwenye sikio lake.

“Papa Neema, wakijua watatafuta mwingine.”

“Wakitafuta mwingine, mimi nitakuwa nani?” akajibu baba, kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wasiojisikia. Shule aliyofundisha ilikuwa imelala chini ya mawe meusi. Gitaa ndilo lililokuwa limebaki.

Sasa taa zile utazipata wapi? Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, barabara ya Bunagana ilikuwa vizuizi mtindo mmoja, na waliopita na mizigo walileta chumvi na sabuni, si vitaa vya pedali. Mama akamshonea sketi mke wa muuza redio mbovu, akalipwa redio iliyokufa. Aliipasua pale uani, akang'oa taa mbili nyekundu, akazichomelea kwenye pedali, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama alivyozoea kufanya akitia uzi kwenye sindano. Baba akakanyaga. Hakuna kitu. Akakanyaga tena. Giza tupu.

“Mama Neema,” akasema baba, akijaribu kutabasamu, “hii si jupe ya kushona.”

Niliona macho ya baba yakitafuta mahali pa kwenda. Mama aliinama, akaitazama kazi yake kama anayetafuta mshono uliokwenda kombo.

“Kila kitambaa kiko na upande wa inje na upande wa ndani,” akasema. “Pengine na hizi ni vile. Tugeuze.”

Akazing'oa, akazirudisha kinyume. Leo najua kwamba taa zile hupitisha umeme upande mmoja tu, na kwamba yeye hakuwa amefundishwa hilo na mtu. Alilitoa kwenye vitenge vyake. Baba alikanyaga, zikawaka zote mbili, naye akakaa chini kwenye kigoda akafunika uso. Nilimpenda mama siku ile hadi nikaona haya.

Likabaki jua. Kanisa lilikuwa halijapata paa, na mchana ule mweupe ulizimeza taa zisionekane. Mama akakata kitambaa cheusi, akashona vikofia viwili, akavibandika juu ya taa ili baba aone akiinamisha macho tu. Pasaka ilipofika, misa ikasomwa tukiwa tumekanyaga mawe ya volkano, na baba alipiga bila kosa hata moja. Mama aliimba kwa kidevu kilichoinuka. Kwa miaka mingi nikaamini kwamba siri yetu iliokolewa na mikono yake peke yake.

Majuzi nilirudi Goma kusalimia. Nikamkuta Papa Kasereka, mpiga ngoma wa kwaya tangu zamani zile, nikaona sasa naweza kumwambia habari ya masikio ya baba. Alinisikiliza hadi mwisho, mzee yule mpole.

“Neema, mwanangu,” akasema, “kwaya yote ilijua. Tangu ile siku ya mwangwi.”

“Na hamukusema?”

“Tungesema nini? Tulikaa, tukapatana hivi: gitaa haikosei. Akitangulia, tunatangulia. Akichelewa, tunachelewa. Na anayemucheka, atoke kwaya.”

Taa za mama zilifanya kazi yake, hilo silipunguzi hata kidogo: zilimfanya baba arudi kusimama na gitaa bila kuogopa mguu wake mwenyewe. Lakini taa haiwezi kumwambia mtu kama yuko pamoja na wenzake. Hilo walilifanya watu, kila Jumapili, bila kushukuriwa, wakati mji wenyewe ulikuwa haujui kesho utatawaliwa na nani.

Baba bado anapiga. Jumapili nilisimama katikati ya waimbaji, na katika wimbo wa sadaka akatutangulia kidogo, uso wake umetulia kabisa. Nikavuta pumzi, nikamfuata.