Mbegu Zilizomngoja Kaka

Kwetu huku Nyatike mtu hapandi kwa sababu tu mvua imenyesha. Lazima mkubwa wa boma aanze. Alale kwake na mkewe, halafu asubuhi waende shambani watie mbegu ya kwanza, ndipo sisi wadogo tufuate, wa pili, wa tatu, mpaka kitinda mimba. Kwa Kijaluo tunaita golo kodhi, yaani kutoa mbegu. Na hiyo ya kulala na mke si mzaha, ni kazi. Mkubwa akikosana na mama watoto, boma zima linakaa na majembe mkononi likingoja wapatane. Mwaka mmoja tuliwabembeleza kaka na shemeji kama maharusi, tukawachinjia hata jogoo. Lakini nisitoke njiani.

Ukiruka mpangilio unapata chira. Chira ni kukonda mpaka kufa, wewe au mtoto wako, na hospitali hawaoni kitu. Miaka ile ya tisini watu walikuwa wanakonda na kufa, karibu kila boma lilikuwa na kaburi bichi. Kwa hiyo mtu asinicheke nikisema niliogopa. Niliogopa sana.

Wazazi wetu walikuwa wameshakufa. Mkubwa alikuwa kaka yangu, mimi nikamfuata. Kaka alikuwa mvuvi Homa Bay, miezi miwili huko, siku chache nyumbani. Zamani hiyo haikuwa shida. Mvua ilikuwa kama mgeni anayetuma salamu kwanza: kumbikumbi wanaruka, upepo unageuka, na kaka huko aliko anajua, anafunga mzigo wake. Halafu ikaja ile ya El Nino ikaharibu kila kitu. Choo changu kilikuwa kipya, hakijamaliza mwezi, kikaenda chote. Mlango tuliuona mtoni baadaye, umekwama kwenye mti, bado na komeo lake. Baada ya hapo mbingu ikafunga. Msimu mzima tulivuna mabua. Mbegu iliyobaki nyumbani mwangu ilikuwa kibuyu kimoja cha mahindi. Mke wangu alikitundika juu ya moshi wa jiko dudu zisile, na watoto wakila uji mwepesi walikuwa wanakitazama.

Basi siku moja, bila dalili yoyote, ikanyesha. Ikanyesha kutwa na kesho yake pia.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "udongo umelowa mpaka hapa." Akanionyesha kwenye kiwiko. "Tupande."

"Kaka hajafika."

"Kaka yako ndiye atakula kwa niaba ya hawa?"

"Unataka tuzike mtoto?"

"Tutazika tu. Kwa njaa ama kwa hiyo chira yenu. Chagua."

Nikamwambia nitaenda kumleta.

"Nenda basi," akasema. "Na umwambie mvua hii haijui yeye ni mkubwa."

Nilipanda lori la mchanga mpaka Rongo, kisha jingine, nikafika Homa Bay nimejaa mchanga masikioni. Nikateremka ufuoni, na kwanza nilidhani nimepotea. Pale nilipozoea kuona maji palikuwa na shamba. Kijani, nene, lina maua ya zambarau, limeenda mpaka macho yanachoka. Ndilo lile gugu maji. Nilikuwa nimelisikia, sikuwa nimeliona limejaa hivyo. Hakuna aliyelipanda, hakuna aliyelianzia, na lilikuwa limestawi kuliko mahindi yoyote niliyowahi kulima.

Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ameketi na karai tupu. "Shemeji, unatafuta nani?"

Nikamwambia namtafuta ndugu yangu, mvuvi, mrefu hivi.

"Si ni wale pale? Boti zile tatu. Majani yamewafungia tangu juzi. Wako na samaki, wanaoza nao."

"Watatoka lini?"

"Upepo ukitaka. Ama umwambie atembee juu ya majani, kama Yesu."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Halafu nikamwona kaka. Nilimjua kwa lile koti lake la mvua la njano. Nikapiga kelele, sauti haikufika. Nikapunga mikono. Aliponitambua alisimama na kujishika kichwa kwa mikono miwili, kama tunavyofanya kwetu tukipata habari ya kifo. Alidhani nimemletea msiba. Sasa utamwambiaje mtu wa mbali hivyo kwamba ni mvua tu? Nikainama mbele ya wale akina mama, nikalima hewa, nikatupa mbegu ambazo sikuwa nazo. Kaka akashusha mikono. Akaonyesha lile gugu, huku na huku, kisha akaketi.

"Yawa!" yule mama akasema. "Si akupe ruhusa kwa mkono tu?"

"Hii haitolewi kwa mkono."

"Basi inatolewa na nini?"

Walijua inatolewa na nini. Walicheka mpaka wakafuta macho.

Nililala kwa mtu wa kwetu, na kila asubuhi nikashuka ufuoni. Mbingu ilikuwa safi, hata wingu la kuazima halikuwepo. Siku ya tano upepo ukasukuma gugu upande wa pili na kaka akatoka, ananuka samaki waliooza. Tukapanda lori kurudi nyumbani. Akalala kwake kama inavyotakiwa, asubuhi akaanza na mkewe, nasi tukafuata kwa heshima zote. Jembe lilikuwa linarusha vumbi. Mke wangu alitia mbegu zote za kibuyu.

Kaka sasa hayupo, mimi ndiye mkubwa. Vijana wananipigia simu, "Baba, imenyesha, tuanze?" Nikisema waanze, mvua inakatika. Nikisema wangoje, inapita. Mbingu siisomi tena, na ninaona haya kuwaambia. Lakini nilikuwa nasema habari ya zile mbegu.

Tulingoja wiki mbili, hakikushuka hata kitone. Asubuhi moja nikamkuta mke wangu shambani na beseni, watoto nyuma yake, wanafukua mbegu, shimo moja moja. Nyingine mchwa walikuwa wameshakula. Nilitaka kumkataza, nikaona sina la kumpa badala yake, nikachuchumaa nikafukua nao. Maji ya kuzichemshia aliyatoa kwa kuchimba mchanga wa mto, ndoo moja nusu ya siku.

Zilipoiva alipakua sahani ya kwanza akanipa nimpelekee kaka, kwa sababu mkubwa ndiye anayeanza. Kaka alizitazama. Udongo ulikuwa bado umeshika kwenye punje. Hakuuliza zimetoka wapi. Alikula, na alipomeza, sisi wengine tukaanza kula.