Lori la Mama Likipita Darajani

Watu wakisikia unajua kompyuta wanadhani unaipenda. Mimi niliichukia. Niliporudi nyumbani kutoka Nairobi, laptop niliitupa stoo juu ya magunia ya mahindi, nikaifunika na koti la mvua la marehemu baba, nikawa naomba panya waitafune. Miaka yote ile niliandikia kampuni ya bima programu zake. Kila asubuhi mkutano wa kueleza ulifanya nini jana, kila jioni mtu wa kukuuliza mbona hujamaliza, na katikati hapo unahamisha kitufe kutoka kushoto kwenda kulia kwa sababu mkubwa fulani ameota. Mwishowe waliniondoa kwa barua pepe. Sikulia. Kilichoniuma ni kwamba zamani, nikiwa shuleni, niliweza kuandika code na kucheka peke yangu, na hao watu waliimaliza ile raha kama mgeni anayemaliza chai ya mwenyeji.

Basi nikawa mchuma chai wa mama, huku kwetu juu ya Bomet, karibu na mpaka wa Kericho. Majani yakishachumwa yanabebwa hadi baying, ndivyo tunavyokiita kile kibanda cha mabati kando ya barabara, na hapo mnangoja lori la kiwanda lije na karani na mizani. Lori lenyewe halina saa. Linaweza kuja mchana, linaweza kuja giza likiingia, na mvua ya huku haikuulizi umekaa wapi. Jioni moja mama alirudi akitetemeka, gambuti zimejaa maji. Nilikasirikia lori, nikakasirikia kiwanda, nikamkasirikia na yeye kwa kuwa mbishi kila nikitaka kwenda badala yake. Kwa hasira hizo hizo nikaenda stoo, nikaitoa laptop.

Nilitengeneza ukurasa mmoja tu wa mtandao. Juu nilichora kiwanda, chini kibanda chetu, na katikati mto na lile daraja letu la mbao. Aliye baying akiliona lori anabonyeza kitufe kwa simu yake, basi lori dogo la kijani linaondoka kiwandani, linapita darajani likiyumba, linasimama mbele ya kibanda. Limefika. Aliye nyumbani analiona, anabeba kikapu chake, anaenda. Hakuna kingine.

Ile kuyumba ilinilia Jumamosi nzima. Hakuna aliyeniomba, hakuna aliyeniwekea tarehe. Nilipoona limeyumba sawasawa nilicheka kwa sauti, mama akaja na mwiko mkononi kuuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa. Nilikuwa na furaha mpaka nikaona haya.

Kumbe mama aliwaonyesha wenzake wa kwaya ule ukurasa. Wanakwaya wakausambaza WhatsApp, na kabla sijajua, mlima wetu mzima ulikuwa unaangalia lori langu. Ukweli ni kwamba mwanzoni nilivimba kichwa kidogo.

Siku ya balaa hata mvua haikunyesha. Mama alikuwa ameenda Ndanai kumwona dada yake, akaniachia vikapu vimejaa. Nilikaa mlangoni, vikapu kando yangu, nachora mawimbi chini ya daraja kwenye laptop huku nikingoja lori litembee. Halikutembea. Jirani wa chini alikuwa kwake anangoja, wa juu naye kwake anangoja, kila mmoja na simu mkononi, kila mmoja akijua kuna mwenzake amefika baying atakayebonyeza. Kibandani hakukuwa na mtu hata mmoja! Lori lilikuja, likapiga honi, likakaa kidogo, likaenda zake. Na hiyo honi tuliisikia wote. Tuliisikia, tukaangalia simu, simu ikasema bado, tukaiamini simu. Kufikia jioni majani yalikuwa yamepata joto vikapuni na kugeuka mekundu. Kiwanda hakipokei majani mekundu, mlima mzima ukayamwaga.

Kesho yake niliitwa baying. Wale wale waliosambaza ndio walioniita mharibifu. Niliwaambia nilimtengenezea mama yangu, nani aliwatuma kufungua? Wakanikalia kichwani, nami nikawajibu mmoja mmoja, na sikuchagua maneno.

Mwenyekiti wa kibanda, mwalimu mstaafu anayeongea kama bado ameshika chaki, alituliza watu. Nikadhani ananitetea. Wapi! Alisema kamati imekaa na kuona kitu hiki ni kizuri ila kinahitaji mpangilio. Kila mkulima asajiliwe na apewe neno la siri. Kamati iwe inapata ripoti. Duka la mbolea liweke tangazo. Na mimi niwe nafika hapo kila asubuhi kueleza kazi imefika wapi.

"Kijana, hii sasa ni mradi ya jamii," alisema. "Tunataka Jumatatu iwe tayari."

Jumatatu! Yale yale ya Nairobi. Nilimwambia afadhali niichome laptop pamoja na matawi ya chai. Kelele zikaanza upya. Mwenyekiti akamgeukia mama, aliyekuwa amerudi kutoka Ndanai asubuhi hiyo na sasa amekaa juu ya kikapu alichokipindua.

"Mama, ongea na kijana yako."

Majani ya mama yalikuwa yamemwagwa kama ya wengine, na kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kunigeuka ni yeye.

"Mimi siangalii hiyo kitu nijue lori imefika," alisema. "Honi nasikia na maskio yangu. Naangalia nione ikipita kwa daraja." Akainuka, akajikung'uta sketi. "Hiyo si ya kazi. Mwacheni acheze."

Walicheka hadi wengine wakashika nguzo. Mtu mzima na ndevu zangu, nimeombewa ruhusa ya kucheza mbele ya mlima mzima! Nilienda nyumbani bila kuaga na nikakusudia kumnunia mama hadi chakula cha jioni.

Sikuweza. Nilifungua laptop, nikafuta kile kitufe kwanza. Siku hizi lori linajiendea lenyewe likitaka, na halimwambii mtu ukweli wowote. Darajani nimeweka ng'ombe wetu mkaidi, lori linapiga honi mpaka atoke. Mama alisema yule hana pembe ya kushoto. Kweli, nikaitoa.

Mwenyekiti bado akinipata njiani ananiuliza mradi umefika wapi. Namwambia sina nafasi, nacheza.