Nyumba ya Rahani Kule Likoni

Kilichonipokea mlangoni kilikuwa uvundo. Popo walikaa juu ya boriti miaka na miaka, na mavi yao yalikuwa yamechuruzika ukutani mpaka sakafuni kama uji mweusi. Makuti yalikuwa yameoza. Kwenye chumba cha nyuma niliinua godoro la sufi nikakuta panya wachanga, wekundu, hawajaota manyoya, wanajipindapinda. Choo kilikuwa kimetitia, na funza wamepanda hadi kizingitini. Nilitoka nje nikatapika. Kisha nikarudi ndani nikaanza kupanga madirisha mapya yatakaa wapi.

Nyumba hiyo niliinunua mnadani, vita vikuu vya dunia vikiwa vimekwisha, mimi karani kijana bandarini. Mwenyewe aliiweka rahani kwa mwenye duka, akashindwa kuikomboa, akahamia kwa wanawe Kisauni kwa aibu kabla dalali hajapaza sauti. Nami niliitaka upesi. Nilikuwa nikiishi chumba kimoja kwa mama mkwe, mke wangu mjamzito, na nilikuwa nimeapa kwamba mtoto wetu atazaliwa kwangu. Mama mkwe hakunisema usoni, adabu haikumruhusu. Alisema na kuku wake.

"Na wewe jogoo," alimwambia asubuhi moja, akitupa pumba huku mimi nafunga viatu, "na upanga wote huo kichwani, huoni haya kulala tundu la wakwe zako?"

Mke wangu alipokuja kuiona nyumba, aliziba pua kwa leso.

"Bwana, hapa ndipo nizae? Wallahi hao popo watanicheka."

"Usiangalie ilivyo. Hapa ukuta wa mawe. Hapa saruji, ukipiga deki unajiona uso. Juu bati."

"Na mwenye ardhi kasemaje?"

"Nitamwona."

Kwetu nyumba huwa ya mmoja, na ardhi iliyo chini yake ya mwingine. Muuzaji humpeleka mnunuzi barazani kwa mwenye ardhi, wakanywa kahawa, mgeni akajulishwa, ndipo kazi ianze. Mimi sikuwa na muuzaji wa kunipeleka, na kwenda peke yangu niliona ni kujishusha. Nilikuwa nimesoma sekondari; yule mzee alikuwa mtu wa minazi na mihogo. Nikajiambia nyumba ikishasimama, atafanya nini?

Nikabomoa kuta za udongo, nikarundika mawe uani. Mzee akaja asubuhi, kanzu ameipandisha kidogo asiguse uchafu wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mawe haya ya nani?"

"Yangu. Najenga."

"Unajenga wapi?"

Nilinyoosha kidole kwenye kuta nilizobomoa.

"Nyumba umenunua, mwanangu. Fito na udongo, kandika upendavyo. Jiwe halilali kwenye ardhi yangu."

"Lakini mzee, jirani hapo ana nyumba ya mawe."

"Jirani alikuja akakaa barazani kwangu. Hata huyo aliyenyang'anywa hii nilimpa ruhusa ya mawe, hakujaliwa tu. Na wewe ningekupa. Nimekungoja jioni ngapi, kahawa inapoa."

"Nisamehe. Nitakuja leo."

"Leo unakuja kwa ajili ya mawe," alisema, akaondoka.

Nilikwenda hata hivyo. Alinikaribisha, akaniuliza habari za nyumbani, akanimiminia kahawa, na jibu likabaki lile lile.

Basi nikakandika udongo, na kwa haraka nikatumia ule ule wa kuta nilizobomoa. Nilipoukanda kwa miguu, mavi ya popo yalilowana upya. Uvundo uliniingia kwenye kucha, kwenye nywele, kwenye mate. Nilikula ugali nikiusikia. Kabla kuta hazijakauka, masika ikaziangusha, nikazikusanya, nikaanza tena, nikijichukia kila nilipoinama.

Nilikuwa katikati ya tope hilo nilipoitwa kwa mama mkwe. Nilikimbia kama nilivyo. Mama mkwe alisimama mlangoni akaweka mkono kwenye fremu.

"Usiingie. Mtoto salama, mama yake salama. Lakini unanuka, baba."

Ndani mtoto alikuwa akilia, katika nyumba ya bibi yake. Nilikwenda kisimani nikajisugua kwa sabuni ya kufulia na mchanga mpaka ngozi ikachubuka, nikanusa mikono, nikaanza tena. Wanawake wote wa mtaa walikuwa wameshambeba mwanangu kabla yangu.