Wifi Yangu na Kuhani wa Misri

Mvua ndiyo iliyotuingiza. Tulikuwa tumetoka kanisani, mimi na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, tukirudi kwa miguu kuelekea Albert Park tulikopanga chumba. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami sikuwa nimemaliza mwaka Durban, Afrika Kusini. Mume wangu hakuwa nasi. Alikuwa akilinda magari ya watu kule ufukweni, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake kubwa ya kazi. Tulipofika mbele ya jumba la manispaa, lile kubwa lenye kuba, mvua ikaanza kumwagika. Tukavua viatu vya kanisani, tukapanda ngazi mbio.

Wifi alikuwa amefika miezi michache tu kabla ya hapo, kutoka Kivu, kwa njia ndefu ya Tanzania na Msumbiji. Hakuwa mtu wa maneno. Kwenye saluni tulikosuka pamoja, karibu na soko la Warwick, wateja walidhani hajui lugha yoyote. Nyumbani alipika, alifagia, alisali. Tulijua kwamba mama mkwe wangu alifia njiani, kwa sababu hilo alilisema siku ile tulipompokea kituo cha basi, kwa sentensi moja tu, akainama kuokota mfuko wake. Mume wangu hakuthubutu kuuliza zaidi. Na mimi ningeuliza kama nani?

Basi tulisimama pale barazani tukikamua sketi zetu, na nyuma yetu mlango ulikuwa wazi. Nikachungulia. Ndani, chini ya taa, alikuwa amesimama kifaru.

"Wifi, ona! Kule ndani iko kifaru."

Hakugeuka. "Tusiingie. Apa ni kwa bakubwa. Batatufukuza."

Mlinzi alitusikia. Alikuwa mama wa Kizulu, mnene, amevaa sare ya buluu. "Ngenani, bomama," alisema, yaani tuingie, na nilipomwonyesha kwa vidole ishara ya pesa, alicheka akatikisa kichwa. Ilikuwa makumbusho, na kuingia ni bure. Tulivaa viatu, tukaingia tukiwa tumeshikana mikono kama wasichana wa shule.

Sijui niseme nini kuhusu saa ile ya kwanza. Nilikulia karibu na mbuga, lakini wanyama wa kwetu niliwajua kwa habari tu, na kwa mlio wa mbali. Hapa nilisimama mbele ya simba aliyekaushwa hadi nikaweza kuona mikunjo iliyozunguka jicho lake. Kulikuwa na ndege kwenye makabati ya vioo, wengi, kila mmoja kwenye kijiti chake, na mayai yao yamepangwa chini yao juu ya pamba. Kulikuwa na mifupa ya ndege mmoja mkubwa ambaye, kama nilivyoelewa kibao chake, hayupo tena duniani, wote walikwisha. Nilimweleza wifi. Akaniuliza, "Wote? Hata kimoja hakibaki?" Akabaki pale kwa muda, midomo ikicheza bila sauti. Nilihisi kama tumeingia ghala ambamo Mungu ameweka mfano wa kila kitu alichokiumba, na kwa bahati mlinzi wake leo ametuacha tupite.

Kisha tukafika kwenye chumba kidogo chenye mwanga hafifu. Katikati kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake amelala mtu.

"Ni mutu?" wifi alinong'ona.

Nilisoma kibao polepole, kwa Kiingereza changu cha kubahatisha. "Ni mtu kweli. Alikuwa kuhani. Wa Misri."

"Ya wakati wa Farao?"

"Ya zamani hizo."

Wifi alichukua mtandio uliokuwa mabegani mwake akafunika kichwa. Aliinama kidogo, kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye msiba. "Pole, baba," alimwambia yule mtu. Mimi sikuona ajabu. Nilimwinamia pia.

Alikuwa mdogo, mweusi kwa uzee, na amezungushiwa kitani tabaka juu ya tabaka, vipande vyembamba vilivyopishana kwa ustadi kama msuko. Wifi aliviangalia kwa macho ya msusi. Alifuata mstari mmoja wa kitambaa kwa kidole, bila kugusa kioo, kutoka begani hadi miguuni.

"Nani alimufunga hivi?"

"Watu wake."

"Batu yake balikuwa na muda," alisema.

Halafu akaanza kusema, huku bado akimtazama yule kuhani, si mimi. Alisema mama alishikwa na homa walipokuwa msituni, juu ya mji wa Fizi. Walimbeba. Asubuhi moja hakuamka. Watu waliokuwa nao walikuwa wakikimbia, milio ya bunduki ilikuwa inasikika nyuma yao, na hakuna aliyeweza kusubiri. Yeye na mwanamke mwingine, mgeni kabisa kwake, walichimba kwa jembe lisilo na mpini na kwa kifuniko cha sufuria. Alimfunga kwa kitenge chake mwenyewe, kile cha manjano.

"Mama alikuwa murefu," alisema. "Unamukumbuka? Kitenge hakikufika. Miguu ilibaki inje. Nilifunika miguu na majani."

Kisha akalia. Hakulia kwa sauti ya kanisani, ile tuliyoizoea. Alilia kama mtoto anayetapika, mikono ikishika magoti. Sikuwa nimewahi kumwona hata akipangusa jicho. Nilimshika kiuno, nikaogopa kwamba sasa kweli tutafukuzwa.

Mlinzi alikuja. Aliburuta kiti chake mwenyewe kutoka mlangoni, akamkalisha, akaweka mkono mgongoni mwake. "Thula, mama," alisema, "thula," na neno hilo la kubembeleza hata mgeni wa jana angelielewa. Wazungu wawili waliokuwa wakija na kamera walituona, wakasimama, wakarudi taratibu walikotoka. Tulibaki pale wanawake watatu na maiti mmoja wa Misri, na nje mvua inagonga.

Alipotulia, mlinzi alituonyesha ngazi. Juu kulikuwa na picha, alisema, nzuri, na kimya, na viti vizuri zaidi.

Kule juu ndiko mimi nilikopotea. Kuta zilikuwa nyeupe na ndefu, na picha zilining'inia mbalimbali, kila moja na hewa yake. Nilisimama mbele ya moja iliyoonyesha meza, mkate na glasi ya maji. Kitu cha kawaida. Lakini ile glasi ilikuwa na mwanga ndani, mwanga wa asubuhi, hata nikahisi kiu. Nilisogea karibu hadi pua ikakaribia kugusa, na maji yakatoweka: palikuwa na mapande ya rangi tu, nyeupe, kijivu, na doa la buluu. Nikarudi nyuma. Maji yakarudi. Nikasogea tena. Nilicheza hivyo kama kichaa, mbele na nyuma, hadi nikasikia kicheko nyuma yangu. Alikuwa wifi, amekaa kwenye benchi, macho yamevimba, anacheka.

"Unafanya nini na iyo picha?"

"Njoo uone. Mtu ametengeneza maji kwa rangi nyeupe."

Alikuja. Tulisogea na kurudi pamoja, mabega yakigusana. "Mungu wangu," alisema mara ya tatu, na mikono yake ikapanda kinywani.

Tulitembea vyumba vyote. Mvua ilikatika hatukujua.

Jioni mume wangu alirudi akiwa na harufu ya chumvi, akakuta ugali umepoa na sisi wawili tumekaa kitandani. Wifi alimwambia akae. Alimsimulia yote, kuanzia homa hadi majani, bila kulia sasa, na mume wangu alisikiliza huku akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Wifi alipomaliza, mume wangu aliuliza swali moja tu.

"Yule mwanamke mwingine. Unamujua jina?"

"Hapana."

"Tutamuombea pia."

Jumamosi iliyofuata tulifanya matanga, kwa kuchelewa karibu mwaka mzima. Chumba hakikutosha, watu wa kanisa walijaa hadi kwenye korido, Wakongo na Warundi, na majirani wa ghorofa walileta viti na masufuria ya wali. Waliimba hadi sauti zikakauka. Mume wangu, ambaye hakuwahi kuzungumza mbele ya watu, alisimama akaeleza jinsi mama yake alivyokuwa mrefu, kwamba sokoni ungeweza kumwona kutoka upande wa pili, kitambaa chake cha kichwa kikipita juu ya vichwa vya wengine, na yeye mtoto hakuwahi kupotea hata siku moja kwa sababu hiyo. Wifi alikuwa ameketi chini miongoni mwa wanawake. Alisema kwa sauti, mbele ya wote, "Ni kweli. Alikuwa anainama kuingia kila mulango," na watu wakacheka, naye akaendelea kusimulia.